Tarakimu Chini ya Mkia wa Bata

Bi Hajagos Piroska alikuwa mtu wa kuona kinyaa. Wengine huzaliwa na alama shingoni, yeye alizaliwa na pua iliyokunjwa. Maji ya maua yaliyolala chomboni yalimtia kichefuchefu. Watu wanaolamba kidole kabla ya kufungua ukurasa aliwahesabu kuwa ni wagonjwa. Supu yenye utando wa mafuta juu aliisukumia upande wa pili wa meza bila kusema neno. Lakini kilichomkera kupita vyote ni jibu sahihi lililopatikana kwa kubahatisha. Mwanafunzi akileta jibu bila njia, Bi Piroska alimrudishia karatasi yake kwa ncha za vidole viwili, kama anayemtoa nje panya aliyekufa.

Alifundisha hisabati katika sekondari ya mji wetu, Lúdkeresztes, tangu akiwa msichana wa koti jekundu hadi nywele zikageuka majivu. Hakuolewa. Wachumba walikuja, tusimsingizie. Wa mwisho alikuwa daktari wa mifugo, mtu mzuri, ana gari lake. Akakaa mezani, akasifu mkate, akasifu mapazia, kisha katikati ya supu akasema kwamba moja nayo ni namba tasa. Uchumba ukaishia hapo hapo kwenye supu.

Namba tasa, kwa aliyesahau shule, ni ile isiyokubali kugawanywa na namba yoyote ila moja na yenyewe: saba, kumi na tatu, mia moja na tatu; moja yenyewe haihesabiwi. Zilizo ndogo kila mtu anazijua. Zilizo kubwa, za tarakimu mia au elfu, hazijulikani kwa kutazamwa usoni, zinatafutwa kwa kazi. Bi Piroska alizipenda hizo kubwa kwa sababu haziwezi kubembelezwa. Huwezi kuzihonga, huwezi kuzipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na hakuna iliyo tasa kiasi au karibu tasa. Hata alipostaafu aliendelea kuzitafuta kwa kompyuta iliyonguruma chumbani kwake kama jokofu bovu. Na wawindaji wa namba hizo wana desturi yao, ambayo yeye aliishika kuliko wengine wanavyoshika mfungo: mtu halitamki neno "tasa" mpaka apate uthibitisho kamili, na uthibitisho huo ukaguliwe na mtu mwingine, kwa programu nyingine. Kabla ya hapo anasema "huenda", ananyamaza.

Aliishi na mdogo wake Etelka, mjane aliyekuwa msusi zamani, mwanamke wa kucheka hata kanisani. Watu walishangaa hao wawili walitokaje tumbo moja.

Siku moja ya masika, wakati miti ya cheri ilipokuwa inamwaga maua, alikuja Vidács Gellért. Huyu inabidi nimweleze vizuri. Katika wote waliopita mikononi mwa Bi Piroska, Gellért ndiye aliyekuwa mboni ya jicho lake. Alimfundisha peke yake kila Jumamosi bila kudai chochote. Alimpeleka Budapest kwa treni kwenye mashindano ya nchi nzima, amebeba mkate uliopakwa mafuta ya bata na kitunguu, na walipokuwa njiani walikuwa wanagawanya namba za mabehewa ya mizigo kwa kichwa, na Gellért akimtangulia mwalimu wake. Alirudi na nafasi ya pili. Bi Piroska akaitundika picha yake ukutani darasani, akawaambia wote waliofuata: tazameni sura ya mtu anayefikiri. Baadaye Gellért akawa mhandisi, kisha akaingia siasa, sasa ni makamu wa meya, ana tumbo na tai ya hariri. Bi Piroska alimsamehe siasa kama mtu anavyomsamehe mwanawe aliyeoa kwenye ukoo wa walevi.

"Nabusu mkono, mwalimu," alisema Gellért mlangoni, kama watoto wetu wanavyowasalimu wakubwa.

"Futa viatu."

Alifuta. Akakaa, akapewa kahawa, akakohoa kidogo.

"Mwalimu, mji unatimiza miaka mia saba na hamsini. Baraza linataka kuweka kitu uwanjani."

"Msije mkaweka kitu kama kile cha majirani zetu. Pilipili ya saruji! Nimepita pale kwa basi, nilitaka kutapika."

"Ndiyo maana nimekuja kwako. Sikiliza. Jiwe kubwa, la chokaa. Juu yake hakuna picha, hakuna maneno, ni tarakimu tupu. Mistari arobaini, kila mstari tarakimu thelathini. Ukisimama mbali, unamwona bata bukini wa nembo yetu. Ukisogea, unaona ni namba moja, ndefu. Na namba yenyewe," Gellért akainua kidole kama mtoto anayejua jibu, "ni tasa."

Bi Piroska aliweka kikombe chini.

"Umewaza mwenyewe?"

"Mwenyewe, mwalimu. Usiku sikulala."

Acha niseme wazi: mwanamke yule alifurahi. Alifurahi mpaka akaenda jikoni kujifanya anatafuta sukari, kumbe anajipangusa macho. Mchango wote wa maisha yake ulikuwa umerudi umevaa tai ya hariri, unabisha hodi.

Masharti yalikuwa haya. Bata ni nembo ya mji, amechorwa kisheria, haguswi hata unyoya. Mwili wake utajazwa nane, kwa kuwa nane ni nene na inaonekana nyeusi kwa mbali. Pembeni kote ni moja, nyembamba, zinaonekana nyeupe. Kama lazima kuwe na doa nje ya bata ili namba ikubali, basi doa moja, si zaidi.

"Meya hataki madoa mengi," alisema Gellért. "Unamjua alivyo."

"Namjua. Nilimfelisha mara mbili."

Alipoondoka tu, Bi Piroska alihesabu. Nane za bata zilikuwa mia tatu kamili, moja za pembeni mia tisa. Ukijumlisha tarakimu zote unapata elfu tatu na mia tatu. Na namba ambayo jumla ya tarakimu zake inagawanyika kwa tatu, yenyewe nayo inagawanyika kwa tatu. Hili linajulikana na kila aliyemaliza darasa la tano.

"Bata wao akiwa msafi, hawezi kuwa tasa hata wakimsomea misa," alimwambia Etelka. "Lazima moja mojawapo igeuke nane. Jumla itaongezeka saba, tatu itashindwa kuingia."

"Moja ipi, dada Piri?"

"Hapo ndipo kazi ilipo. Nafasi ziko karibu mia tisa. Huenda ikakubali mahali fulani, huenda isikubali kabisa."

"Bata wa namba," alisema Etelka akitikisa kichwa. "Na sisi hapa hata wa nyama hatuna."

Kompyuta ikanguruma. Bi Piroska alijaribu doa juu ya kichwa cha bata, lingependeza kama nyota: likaangushwa na saba. Alijaribu mbele ya mdomo, kama punje ya mahindi: likaangushwa na kumi na tisa. Alipita angani kote, akashuka kwenye nyasi, na kila nafasi ilikuwa na kitu cha kuigawanya, kikubwa au kidogo. Zilikuwa siku njema. Alikula kwa wakati, alimwamkia hata jirani mwenye mbwa. Na mwishowe, katika nafasi zote hizo, ikabaki moja tu iliyokataa kugawanyika.

Alichapisha picha, akaishika mbali na macho. Etelka akachungulia begani pake. Ghafla Etelka akapiga ukelele.

"Piri! Bata amekunya!"

"Ni tarakimu."

"Ni mavi, dada. Angalia. Hapa mkia, hapa chini ya mkia. Bata wa mji amejisaidia mbele ya baraza!"

Bi Piroska alitazama tena. Katika anga lote na nyasi zote, nafasi pekee iliyokubali ilikuwa pale, tarakimu moja nene chini kidogo ya mkia, peke yake kwenye weupe. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika meza, na Etelka, ambaye hakuwahi kumwona dada yake akicheka hivyo, akaogopa, akamletea maji.

Uthibitisho ulipotoka aliupeleka kwa Bwana Lőrinc wa Szeged, mzee mwenzake wa namba, akaukague kwa programu yake. Mzee akapiga simu kesho yake.

"Ni tasa, Piroska. Naweka mkono wangu. Ila mpeleke bata wako kwa daktari wa mifugo."

Basi akasema "tasa" kwa mdomo wake, kwa mara ya kwanza juu ya namba ile, na akampa Gellért picha. Gellért aliitazama ile picha kwa muda. Hakucheka. Alisema, "Nzuri sana, mwalimu, nzuri sana," akaikunja, akaondoka. Bi Piroska alidhani ni uzito wa madaraka.

Sikukuu ya Mtakatifu Martini kwetu ni ya bata. Haliwi mwaka mzima kama siku hiyo. Uwanja ulikuwa umejaa moshi na harufu ya mafuta, mapaja ya bata yakitiririka kwenye sinia, kabichi nyekundu, mvinyo mpya ambao bado una uchungu wa pipa, watu wakifuta vidole kwenye makoti. Bi Piroska alisimama mstari wa mbele amevaa kofia yake nzuri, amebana pumzi kwa sababu ya harufu, na kwa sababu nyingine pia.

Meya Dobrossy Tihamér alipanda jukwaani. Masharubu yake yaling'aa, na si kwa mafuta ya nywele.

"Ndugu zangu wa Lúdkeresztes! Leo tunafunua namba isiyogawanyika! Kama mji wetu! Walikuja Waturuki, walikuja wengine na wengine, nani aliyetugawanya?"

"Hakuna!" watu wakaitikia. Ilhali baraza lenyewe halijakubaliana jambo lolote tangu liundwe, lakini tusiingie huko.

Kitambaa kikavutwa. Watu wakapiga makofi. Bata alikuwa mzuri kweli, shingo ndefu, kifua mbele. Chini yake palichongwa: *Namba hii ni tasa. Wazo: Vidács Gellért, makamu wa meya. Uthibitisho: Hajagos Piroska, mwalimu.*

Chini ya mkia palikuwa peupe.

Bi Piroska hakuhitaji kujumlisha. Alikuwa anamjua bata yule kama anavyoujua mkono wake. Bata msafi, nane mia tatu, jumla elfu tatu na mia tatu. Kilichompata kwanza hakikuwa hasira, kilikuwa kinyaa, kile kile cha utando juu ya supu, ila safari hii kilikuwa kimeandikwa jina lake chini, kwa herufi kubwa, kwenye jiwe litakalomzika yeye na wote waliokuwepo.

Wakamwita jukwaani. Meya akampa maua ya krisanthemu, yale ya makaburini, akambusu mashavu yote mawili kwa mdomo wenye mafuta.

"Hii siyo namba yangu," Bi Piroska alimwambia sikioni.

"Tabasamu, Bi Piroska, wanapiga picha."

"Mmebadilisha tarakimu. Inagawanyika kwa tatu!"

"Kwa tatu?" Meya alifikiri, uso ukachangamka. "Si vizuri? Utatu Mtakatifu! Mbona ni namba ya heri!"

Akamgeuza kwa mabega kuelekea kamera. Bi Piroska alishuka akipangusa mashavu kwa mkono wa koti, akayapangusa mpaka yakawasha.

Alimkuta Gellért mwisho wa meza ndefu, amefunga leso shingoni, paja la bata mkononi. Alisimama juu yake.

"Nani kabadilisha?"

Gellért aliweka paja chini. "Kaa, mwalimu, upate mvinyo."

"Nimeuliza nani."

"Mke wa meya aliiona picha. Akasema bata anakunya, watu watatucheka mpaka Debrecen. Meya akaamrisha doa litoke. Fundi akachonga moja badala ya nane. Ndiyo hivyo tu."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwepo."

"Hukuwaambia?"

Gellért aliangalia huku na huku, akashusha sauti. "Niwaambie nini? Nilijua. Pale pale nilijua. Bata msafi, mia tatu mara nane, ongeza mia tisa. Nilipata kabla meya hajamaliza sentensi." Akatabasamu, na lililomuumiza Bi Piroska ni kwamba tabasamu lenyewe lilikuwa la zamani, la yule kijana wa treni aliyemtangulia kwa namba ya behewa. "Bado ninayo kichwani, mwalimu. Sijasahau kitu ulichonifundisha."

Laiti angesema hakujua. Bi Piroska alikuwa amejiandaa kwa hilo. Mtu akisahau hufundishwa tena, na mjinga huvumiliwa. Yeye alikula mshahara wa wajinga miaka yote na hakuwahi kuwachukia. Lakini huyu aliona. Aliona upesi kuliko mtu yeyote wa mji ule angeweza kuona, kisha akala paja.

"Ungeniambia mimi," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Gellért, ungeniambia tu. Doa moja halikubali kwingine, lakini madoa mawili yana nafasi maelfu kwa maelfu. Ningewapa mawili angani, mkasema ni ndege wanahama. Siku chache tu."

"Sherehe ilikuwa imekaribia. Na ungegoma, nakujua. Ungeandika kwenye gazeti. Halafu..." Akafungua mikono. "Nani atajumlisha, mwalimu? Kweli kabisa. Watu wanamwona bata, wanapiga picha, wanaenda kula. Waliokuja leo nusu yao umewafundisha wewe. Umemwona hata mmoja akijumlisha?"

Hakumwona hata mmoja. Hilo nalo lilikuwa kweli, na ndilo lililomkalisha kwenye benchi ingawa hakutaka kukaa. Waliopita darasani kwake walikuwa pale kila upande, wanatafuna, midomo inang'aa, wametazamana na jiwe lenye uongo wa darasa la tano na hakuna aliyekunja uso.

"Futa jina langu," alisema mwishowe.

"Siwezi. Limepigiwa kura. Ni heshima, mwalimu."

"Ni matusi."

"Jina lako litakaa pale miaka mia tano! Mtu gani anakataa hilo?"

Bi Piroska aliinuka, akayaweka yale maua ya makaburini juu ya sahani yake, katikati ya mchuzi, akaenda zake.

Nyumbani alivua kofia, akaosha uso kwa sabuni, akaosha tena. Etelka alimfuata mlango hadi mlango.

"Dada Piri, acha. Nani atajua?"

"Mimi najua. Lőrinc anajua. Na yule anajua, ndiye mbaya zaidi."

"Basi piga kelele redioni."

"Nikaseme nini? Kwamba bata wa mji anapaswa kunya? Watanicheka mimi, na jina litabaki pale pale." Alisonya. "Nimesema 'tasa' kwa mdomo wangu, Etus. Mara ngapi katika maisha yangu nimesema bila kuhakikisha? Hata namba ya tiketi ya basi nilisema huenda. Na sasa jiwe linasema kwa niaba yangu, kila siku, kwa kila mpita njia, na linasema uongo."

Etelka, safari hii, hakucheka. Alikwenda akatia kuni kwenye jiko.

Bi Piroska aliandika barua mbili kwa baraza. Jibu la kwanza lilimshukuru kwa mchango wake. La pili lilimshukuru tena. Baada ya hapo akaenda bandani nyuma ya nyumba, akapekua vifaa vya marehemu mume wa Etelka, akatoka na nyundo na patasi.

Ilikuwa siku ya soko, asubuhi ya ukungu. Akina mama wa vibanda walikuwa wanapanga tufaha na mitungi ya kachumbari walipomwona mwalimu anakuja na mfuko wa turubai, kofia nzuri kichwani, amebeba ngazi fupi. Akaiegemeza kwenye jiwe, akaijaribu kwa mguu, akapanda mpaka mkia wa bata ukawa usawa wa macho yake. Akaanza kugonga.

"Mwalimu, unasafisha?" aliuliza mwenye tufaha.

"Nachafua," alijibu bila kugeuka.

Mawe ya chokaa ni laini, lakini mikono yake ilikuwa ya chaki. Patasi iliteleza, ikamchubua kidole gumba. Aligonga duara dogo juu ya ile moja, akapumzika, akagonga duara la chini. Halikuwa duara zuri, lilikaa kama kiazi. Watu wakakusanyika. Mmoja akasema ametumwa na manispaa, mwingine akasema amerukwa na akili, wa tatu akasema vyote viwili vinawezekana. Hakuna aliyemzuia. Aliwafundisha, bado walimwogopa.

Mtu alikimbilia ofisini kwa baraza, na muda si mrefu Gellért akatoka mbio, hana koti, tai imerukia begani.

"Mwalimu! Shuka! Mwalimu, tafadhali, hii ni mali ya mji, watanilazimisha niite polisi!"

"Subiri. Namalizia tumbo la nane."

Alimalizia. Alipuliza vumbi, akafuta kwa mkono wa koti, akashuka ngazi pole pole, akarudi nyuma hatua kadhaa mpaka jiwe zima likaingia machoni. Soko lote likatazama naye. Bata alikuwa vile vile, shingo ndefu, kifua mbele, na chini ya mkia limeanguka lile donge lake. Mwenye tufaha akaanza kucheka, akaziba mdomo kwa aproni. Wengine wakafuata.

Bi Piroska hakucheka. "Gellért," alisema, kwa sauti ile ya darasani ambayo hata mbwa wa uwanjani waliitambua. "Jumlisha."

"Mwalimu, watu wanatazama..."

"Jumlisha."

Na makamu wa meya, mbele ya soko, akajumlisha. Hakuhitaji hata kutazama jiwe. "Elfu tatu na mia tatu na saba," alisema chini chini.

"Gawanya kwa tatu."

"Inabaki moja."

"Na kwa namba nyingine?"

Uso ulikuwa umemwiva. "Haigawanyiki kwa yoyote," alisema. "Ulithibitisha wewe. Na Bwana Lőrinc."

"Basi jina langu sasa liacheni," alisema Bi Piroska. "Linasema kweli." Akaichukua ile patasi, yenye damu kidogo mpinini, akamwekea kiganjani, na nyundo juu yake. "Lako lifute mwenyewe."

Gellért alifungua kinywa. Ikamtoka salamu ya utotoni tu, "Nabusu mkono, mwalimu," labda kwa sababu hakupata nyingine. Bi Piroska aliutazama mkono wake mwenyewe, umejaa vumbi na kidole kimechubuka, akautia mfukoni mwa koti.

Akabeba ngazi yake, akaondoka. Watu walimpisha njia. Alitembea taratibu kuliko kawaida yake, kupita mitungi ya kachumbari, kupita kanisa, hadi kona ya duka la mikate, na njia nzima alikuwa ametega sikio nyuma. Kwenye kona akasimama, akajifanya anabadilisha bega la ngazi. Alisikia mwenye tufaha anacheka, alisikia kengele ya baiskeli, alisikia mtu anaita bei ya vitunguu.

Nyundo hakuisikia. Akasonya, akaingia kununua mkate.